Mkandaji wa Patna na funzo lake kwetu

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kenya asiyelijua neno shampuu. Limeandikwa juu ya chupa madukani, linatajwa katika matangazo ya biashara, na katika mabweni ya shule za wasichana shampuu huazimwa kila Jumamosi kama chumvi inavyoazimwa vijijini. Lakini ni nadra vilevile kumpata mtu awezaye kumweleza mwanafunzi huyo kwamba neno hilo, kabla ya kuwa jina la sabuni, lilikuwa jina la kazi ya mikono. Asili yake ni kitenzi cha Kihindi chenye maana ya kubinya na kukanda. Waingereza waliokwenda India katika karne ya 18 walilisikia huko, wakalichukua, na kwa takriban miaka 100 wakalitumia kwa maana hiyohiyo ya kukandwa mwili. Maana ya kuosha nywele ilizuka baadaye, katika karne ya 19 ilipokuwa imekwisha kupita nusu yake.

Mtu aliyelitangaza neno hilo Uingereza kuliko mwingine yeyote aliitwa Sake Dean Mahomed. Hilo Sake ni Sheikh kwa tahajia ya Waingereza wa zama zake. Alizaliwa mwaka wa 1759 mjini Patna, katika eneo la Bihar, kaskazini mashariki mwa India, akafariki mwaka wa 1851 mjini Brighton, kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Baina ya miaka hiyo miwili alikuwa askari, mwandishi, mwenye mkahawa, mtu aliyefilisika, na hatimaye mkandaji aliyeteuliwa rasmi kuwahudumia wafalme wawili. Siandiki habari zake kwa nia ya kumsifu tu, kwa kuwa maisha yake yana fahari na yana dosari. Ninaziandika kwa sababu zinatukumbusha swali ambalo sisi wenyewe hatujalijibu barabara: tiba tulizorithi kwa wazee wetu tuzifanyeje? Tuzikumbatie zote, tuzitupe zote, au kuna njia ya tatu?

Tuanze na mji wa Patna. Mtoto aliyezaliwa huko katika karne ya 18 alikandwa tangu siku zake za kwanza duniani. Mama na nyanya walimpaka mafuta, wakamnyoosha viungo, wakamsugua kichwa kwa viganja. Kaskazini mwa India mafuta yaliyopendwa yalikuwa ya haradali. Kusini yalikuwa ya nazi, na ufuta nao ulitumika kwingi. Desturi hiyo haikuwa mchezo wa watoto pekee. Elimu ya tiba ya Wahindu iitwayo Ayurveda, ambayo vitabu vyake vikuu vina umri wa karne nyingi, inasifu kupaka kichwa mafuta kila siku ili kuzuia maumivu na kulinda nywele. Waislamu nao walikuwa na tiba ya Kiyunani, iliyotoka kwa Wagiriki ikapitia kwa Waarabu na Waajemi, nayo ilithamini hamamu na kukandwa. Vinyozi wa mitaani walikuwa na ujuzi huo pia: mteja hakuinuka kitini kabla ya kubinywa mabega, shingo na utosi. Wapenzi wa filamu za Kihindi wataikumbuka Pyaasa ya mwaka wa 1957, ambamo mchekeshaji Johnny Walker anaigiza mkandaji wa vichwa anayetembea barabarani na chupa zake za mafuta. Kazi hiyo ingalipo mpaka leo.

Baba yake Dean Mahomed alikuwa askari katika jeshi la Bengal la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Hiyo ilikuwa kampuni ya wafanyabiashara iliyogeuka kuwa dola. Mwaka wa 1757, miaka miwili kabla ya mtoto huyu kuzaliwa, ilishinda vita vya Plassey, na tangu hapo ikaanza kutoza kodi na kutawala. Baba huyo aliuawa mwaka wa 1769 katika mapigano yaliyotokana na ukusanyaji wa kodi, wakati ukame ulipokuwa ukiingia. Njaa kubwa ya Bengal iliyofuata mwaka wa 1770 iliua mamilioni ya watu, na Kampuni haikuacha kudai kodi yake. Mtoto alibaki yatima wa baba akiwa na umri wa miaka 10 hivi.

Katika umri huo alivutiwa na mavazi na magwaride ya maofisa, akajitenga na mama yake, akaandamana na afisa kijana kutoka Ireland aitwaye Godfrey Evan Baker. Alianza kama kijana wa kambini tu, bila cheo. Baadaye akaingia jeshini rasmi na kupanda hadi cheo cha subedari, yaani cheo cha juu alichoweza kupewa Mhindi. Alikuwamo katika kampeni ya mwaka wa 1781 dhidi ya Chait Singh, mtawala wa Banaras. Hapa msomaji mwaminifu hana budi kutua kidogo. Mtu huyu alibeba silaha kwa niaba ya wageni dhidi ya watu wa nchi yake, kama walivyofanya askari wengi wa Kiafrika chini ya bendera za Wazungu. Tusimhukumu kwa haraka, lakini pia tusijifanye hatukuliona jambo hilo.

Baker alijiuzulu baada ya kushutumiwa kwamba alitoza watu fedha kwa njia isiyo halali, na Dean Mahomed akajiuzulu pamoja naye. Mwaka wa 1784 wakafika mji wa Cork, kusini mwa Ireland. Kijana huyu, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa katika nchi ya baridi asiyokuwa na jamaa ndani yake. Alichofanya ni funzo kwa kila mwanafunzi: alikwenda shule. Alikaa pamoja na wanafunzi wadogo kuliko yeye, akajifunza kusoma na kuandika Kiingereza sawasawa. Huko akakutana na Jane Daly, binti wa familia yenye heshima. Kwa kuwa mapenzi yao hayangekubaliwa na wazazi, walitoroka wakaoana mwaka wa 1786, naye akaingia katika Kanisa la Anglikana. Ndoa yao ilidumu zaidi ya miaka 60.

Mwaka wa 1794 alichapisha mjini Cork kitabu cha safari zake, chenye majuzuu mawili, kilichoandikwa kwa mtindo wa barua anazomwandikia rafiki. Wataalamu wanakitambua kuwa kitabu cha kwanza kuandikwa na kuchapishwa na Mhindi kwa lugha ya Kiingereza. Wakati huo vitabu vya Wazungu kuhusu India vilikuwa vingi, lakini hapakuwa na Mhindi aliyewaeleza Waingereza habari za India kwa lugha yao. Ni kweli kwamba baadhi ya maelezo aliyanakili kutoka kwa wasafiri wa Kizungu waliomtangulia, bila ya kuwataja. Mwalimu wa fasihi atalikaripia kosa hilo, na atakuwa na haki. Hata hivyo, kitabu chenyewe kimebaki kuwa ushahidi wa mtu aliyekataa kuzungumziwa na wengine siku zote. Mwaka wa 1799 msafiri mwingine Mhindi, Abu Talib Khan, alipopita Cork, alimkuta huko na kuandika habari zake kwa Kiajemi.

Mnamo mwaka wa 1807 familia ilihamia London. Huko aliajiriwa na tajiri mmoja, Basil Cochrane, aliyekuwa amechuma mali India na ambaye alijenga bafu la mvuke nyumbani kwake katika mtaa wa Portman Square, akidai kwamba mvuke unaponya maradhi. Inaaminika kwamba Dean Mahomed ndiye aliyeongeza kazi ya kukanda katika bafu hilo. Sifa, hata hivyo, zilimwendea tajiri. Mwaka wa 1810 mkandaji akaamua kujitegemea, akafungua karibu na hapo mkahawa wa Kihindi, wenye viti vya mwanzi, picha za mandhari ya India, vyakula vya viungo na chumba cha kuvutia buruma. Ulikuwa mkahawa wa kwanza wa Kihindi nchini Uingereza kumilikiwa na Mhindi. Leo migahawa ya namna hiyo imejaa kila mji wa nchi ile, lakini huo wa kwanza haukudumu. Matajiri waliotoka India walikuwa na wapishi wao majumbani, na gharama za London zilikuwa kubwa. Mwaka wa 1812 akatangazwa kuwa amefilisika. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 50 na watoto wa kulea, alitoa tangazo gazetini akitafuta kazi ya utumishi wa nyumbani.

Wengi wetu tungekomea hapo. Yeye alifuata barabara ya kwenda Brighton, akafika mwaka wa 1814. Mji huo wa pwani ulikuwa umegeuka kuwa kimbilio la matajiri walioamini kwamba maji ya bahari ni dawa. Mwanamfalme George, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Nne, alikuwa na jumba lake huko, nalo lilikuwa karibu kujengwa upya kwa kuba na minara ya mtindo wa Kihindi. Basi, katika mji uliokuwa ukitamani mambo ya mashariki na uliojaa wagonjwa wenye fedha, alitokea mtu aliyetoka mashariki hasa, mwenye ujuzi mikononi. Kufikia mwaka wa 1821 alikuwa na bafu kubwa lililotazama bahari.

Tiba yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa aliingizwa katika mvuke uliochanganywa na majani na mafuta ya kunukia mpaka akatoka jasho jingi. Kisha aliwekwa ndani ya hema la kitambaa cha flaneli lililokuwa na mikono ya kitambaa pembeni. Mkandaji alibaki nje ya hema, akapenyeza mikono yake kupitia hiyo mikono ya kitambaa, akamkanda mgonjwa viungo na misuli huku mvuke ukiendelea kumzunguka. Wanawake walikuwa na sehemu yao, na Jane ndiye aliyeisimamia. Mkenya akiyasoma hayo atatabasamu. Nani katika nchi hii hajawahi kuinamishwa juu ya sufuria ya maji yanayotokota, yenye majani ya mwarobaini au mkaratusi, akafunikwa blanketi gubigubi mpaka pua ikazibuka? Na pwani, nani asiyejua mama aliyejifungua anavyokandwa kwa maji ya moto, au bibi harusi anavyosingwa? Mkandaji wa Patna hakuleta Brighton muujiza. Alileta kufukiza na kukanda, mambo ambayo nyanya za mabara mengi walikuwa wakiyafanya bila ya kuyaandikia vitabu.

Mwanzoni watu wa Brighton walimcheka, na madaktari walimtilia shaka. Wagonjwa wake ndio waliombadilishia hali. Waliokuja wakichechemea kwa baridi yabisi waliondoka wakiwa na nafuu, na wengine walimwachia magongo yao, akayatundika ukumbini ili kila aingiaye ayaone. Madaktari wakaanza kumpelekea wagonjwa. Alichapisha mwaka wa 1820 kijitabu cha visa vya watu waliopona, na mwaka wa 1822 kitabu kikubwa zaidi juu ya faida za kukandwa ndani ya mvuke, ambacho kilitolewa tena mara kadhaa. Mfalme George wa Nne alimteua kuwa mkandaji wake rasmi, na Mfalme William wa Nne akauendeleza uteuzi huo. Yatima wa Patna alikuwa na hati ya kifalme ukutani mwake.

Lakini katika fahari hiyo mlikuwa na uongo, na mwandishi wa tawasifu ya mtu hana ruhusa ya kuuficha. Katika maandishi yake ya Brighton alidai kwamba alizaliwa mwaka wa 1749, na kwamba alisomea udaktari katika hospitali ya Calcutta kabla ya kuingia jeshini. Kitabu chake mwenyewe cha mwaka wa 1794 kinamsuta, kwa kuwa humo anaeleza alivyoingia kambini akiwa mtoto. Alijiongezea miaka 10 ili apate nafasi ya kuyaweka masomo ambayo hakuyapata. Tena, alidai kwamba tiba yake inafaa kwa pumu, kupooza, baridi yabisi, maumivu ya mgongo na orodha ndefu ya maradhi yasiyohusiana hata kidogo.

Kwa nini mtu mwenye ujuzi wa kweli atafute ujuzi wa kubuni? Jibu si gumu kwa mtu aliyekulia katika nchi iliyotawaliwa. Katika Uingereza ya wakati ule mikono yake haikutosha kuwa cheti. Ujuzi aliorithi kwa mama zake na vinyozi wa Patna haukuwa na heshima mpaka uvikwe joho la hospitali. Ninamwelewa, lakini simtetei. Uongo ule haukumwongezea mgonjwa hata chembe ya nafuu. Ulichokifanya ni kutuachia sisi wa baadaye mashaka: kama alidanganya juu ya umri wake na masomo yake, tutajuaje ni visa vipi miongoni mwa visa vya wagonjwa wake vilivyo vya kweli? Magongo yaliyotundikwa ukutani yalituonyesha waliopona. Hayakutuonyesha walioondoka na magongo yao vilevile walivyokuja.

Mtindo wa dunia ni kupanda na kushuka. Malkia Victoria, aliyetawazwa baada ya wafalme wale wawili, hakuupenda mji wa Brighton, na uteuzi wa kifalme haukuendelezwa. Reli kutoka London ilifika mwaka wa 1841, ikaleta watu wa kawaida kwa wingi, na matajiri wakaanza kutafuta mahali pengine. Bafu za washindani ziliongezeka, na mzee akalipoteza jengo lake kubwa. Jane alifariki Desemba mwaka wa 1850, na miezi miwili baadaye, tarehe 24 Februari 1851, yeye naye akamfuata. Alizikwa katika uwanja wa Kanisa la St Nicholas mjini humo, na juu ya jiwe la kaburi ikaandikwa kwamba alikuwa na umri wa miaka 101. Uongo ule mdogo ulimfuata mpaka kaburini. Baada ya hapo alisahauliwa kwa zaidi ya karne moja, hadi wanahistoria walipomfufua mwishoni mwa karne ya 20, na kitabu chake cha kwanza kikachapishwa tena mwaka wa 1997.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kupendeza tu. Lakini mzee alipokufa alikuwa na mjukuu ambaye hajatimiza miaka miwili, aitwaye Frederick Akbar Mahomed, aliyezaliwa Brighton mwaka wa 1849. Mjukuu huyo alisomea udaktari, safari hii udaktari wa kweli, katika hospitali ya Guy's mjini London. Akiwa bado mwanafunzi alikichukua kifaa cha kuchora mapigo ya mshipa wa damu, akakirekebisha ili kiweze kukadiria nguvu ya shinikizo la damu. Alipima wagonjwa, kisha akapima watu waliojiona wazima. Akagundua kwamba wapo watu wengi wenye shinikizo kubwa la damu ambao figo zao hazijaugua na ambao hawahisi lolote. Ugunduzi huo ndio mmoja wa misingi ya maarifa tuliyo nayo leo juu ya ugonjwa unaowaua walimu wetu wengi kimyakimya. Tena, aliwahimiza madaktari wa Uingereza wakusanye kwa pamoja kumbukumbu za wagonjwa wao, ili maradhi yachunguzwe kwa hesabu ya wengi, si kwa visa vichache vya kuvutia. Homa ya matumbo ilimuua mwaka wa 1884, akiwa na umri wa miaka 35 tu.

Waweke babu na mjukuu bega kwa bega, nawe utaiona hoja yangu. Babu alikuwa na mikono, huruma na sikio la kumsikiliza mgonjwa; alihesabu waliopona tu. Mjukuu alikuwa na kipimo. Alihesabu wote, waliopona na wasiopona, wanaoumwa na wasiojijua kwamba wanaumwa. Fikiria mtu mwenye maumivu ya kichwa yanayotokana na shinikizo la damu lililopanda sana. Mkandaji hodari anaweza kumbinya shingo na utosi, maumivu yakapungua, akalala usingizi mzuri. Shinikizo lenyewe halikuondoka, linaendelea kuichakaza mishipa, na siku moja mtu huyo anaanguka kwa kiharusi. Nafuu aliyoipata ilikuwa ya kweli, lakini kupona hakukuwapo. Mpaka baina ya nafuu na kupona ndio mpaka ambao kila mwanafunzi anapaswa kufundishwa.

Je, ina maana kukandwa ni upuuzi? La hasha. Utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba kukandwa kunaweza kupunguza kwa muda maumivu ya shingo na mgongo, na kutuliza wasiwasi. Kuhusu kukandwa kichwa peke yake tafiti si nyingi, na nyingi kati ya hizo zimefanywa kwa watu wachache, kwa hiyo atoaye ahadi kubwa amepita mipaka ya ushahidi. Mwalimu aliyesahihisha madaftari hadi usiku, misuli ya shingo imemkaza, ana haki ya kukandwa na kufurahia. Mtahiniwa asiyelala kwa hofu ya mtihani anaweza kufaidika kwa kusuguliwa kichwa na dada yake kwa mafuta ya nazi. Si kwa sababu mafuta yatamtia majibu kichwani, bali kwa sababu mwili uliotulia hulala, na ubongo uliolala hukumbuka. Lakini mwenye mapunye au chawa asisuguliwe kwa mafuta yanayotumiwa na wengine, mwenye homa kali au aliyeumia kichwa apelekwe hospitali kwanza, na mwenye dawa za shinikizo la damu asiziache kwa sababu amekandwa akajisikia vyema.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya tiba saidizi na tiba mbadala. Ya kwanza hutembea kando ya matibabu ya hospitali ikimpunguzia mgonjwa mzigo. Ya pili hutaka kuketi mahali pa matibabu hayo, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Tuliliona jambo hili mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, ambapo wengi katika Afrika Mashariki walijifukiza wakiamini kwamba mvuke utaua virusi. Mvuke uliwazibua pua. Virusi havikufa kwa mvuke, na wako waliochelewa kwenda hospitali kwa sababu ya imani hiyo.

India yenyewe haikuzitupa tiba zake. Tangu mwaka wa 2014 ina wizara maalumu inayosimamia Ayurveda, Yunani na nyinginezo, na mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo cha kimataifa cha tiba za jadi mjini Jamnagar, katika jimbo la Gujarat. Kenya nayo, katika Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, imezitambua tiba za jadi na tiba mbadala na kutaka ziwekewe utaratibu. Sheria ni mlango tu. Anayeingia ndani ni mwalimu na mwanafunzi. Bado nguzo za umeme na kuta za mijini zimebandikwa matangazo ya waganga wanaodai kutibu kisukari, saratani, utasa na hata kesi za mahakamani kwa dawa moja. Mti wa mwarobaini, ambao nao asili yake ni upande wa India, tuliupa jina hilo kwa kuamini kwamba unatibu maradhi 40. Jina ni zuri. Lakini ni nani kati yetu aliyekwisha kuyapima maradhi hayo moja baada ya jingine, akayaandika yaliyotibika na yasiyotibika?

Hapo ndipo kazi ya shule ilipo. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwatuma wanafunzi wake nyumbani wakati wa likizo, wamuulize nyanya anakanda vipi, kwa mafuta gani, kwa maradhi gani. Wakirudi, wayaandike yote kwa heshima, kisha wajiulize yangepimwaje. Wasimcheke nyanya, kwa kuwa ujuzi wa mikono yake ni elimu iliyokosa daftari. Wala wasimfanye mtume, kwa kuwa heshima ya mzee si ushahidi. Mwanafunzi atakayejifunza hivyo hatatapeliwa kwa urahisi na tangazo la ukutani, wala hatauona urithi wake kuwa ushenzi mpaka siku atakapoukuta mijini kwa wenzetu, umetiwa ndani ya chupa, umepewa jina la kigeni na bei ya kigeni.

Dean Mahomed aliuuza urithi wake kwa wageni kwa kuwa kwao hapakuwa na nafasi ya kuuendeleza, na alipokosa cheti akajitungia. Mjukuu wake hakuhitaji kutunga. Alikuwa na kipimo, na kipimo hakikumwuliza umri wala asili yake. Watoto wetu wana bahati ya kuweza kuvipata vyote viwili: mikono ya babu na kipimo cha mjukuu. Tukiwapa kimoja tukawanyima kingine, tutakuwa tumewafundisha nusu ya somo.